Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari wa Uingereza: kabla hamjazima antena, pitieni kwa Bibi

Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Habari na Michezo,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tumelingana basi habari za kazi. Najua Kiswahili husomi, ila BBC yenu ina Idhaa ya Kiswahili toka 1957 kwahiyo mtu wa kukutafsiria hukosi, na hata usipoisoma wewe kuna Waswahili kibao hapa Uingereza wanafanya kazi kama yangu, wao wataelewa naongelea nini.

Mimi ni mlezi wa wazee wa majumbani huku Middlesbrough. Naamka saa kumi na moja alfajiri, saa moja niko nyumba ya kwanza, naosha, navalisha, natoa dawa, chai, mkate wa kuchoma, naaga, nakimbilia nyumba ya pili, hivyo hivyo mpaka usiku. Na karibu kila nyumba nikifungua mlango wa kwanza kunisalimia ni TV, mwenye nyumba baadaye. Kuna mmoja, nimwite Bibi tu, ana miaka themanini na ushee, mtoto wake yuko Australia, na macho yanaanza kumwangusha. Rimoti yake nimeibandika plasta, plasta hii hii ya vidonda, vitufe vyote nimefunika nimeacha vitano: kuwasha, sauti juu, sauti chini, namba 1 na namba 3. Moja ni BBC, tatu ni ITV. Saa kumi na mbili jioni anabonyeza moja anapata habari, zikiisha anabonyeza tatu anasubiri tamthilia yake. Hajui antena iko wapi, na hana haja ya kujua, ipo juu ya bati huko inapigwa na upepo wa bahari ya kaskazini miaka nenda rudi, na picha inakuja.

Sasa ndo nasikia mnataka kuizima.

Najua utasema hamjaamua, na ni kweli, kwa sasa serikali imesema matangazo ya antena, Freeview hii, yanalindwa mpaka 2034 angalau. Ila hilo neno "angalau" Mheshimiwa, sisi tuliokulia kwenye nchi za ahadi tunalijua vizuri. Tim Davie alipokuwa mkurugenzi mkuu wa BBC alisimama Desemba 2022 akawaambia watu wafikirie dunia ambayo TV na redio za hewani zimezimwa, kila kitu ni intaneti. Mwaka 2024 Ofcom, wale wasimamizi wa mawasiliano, wakatoa ripoti yao yenye njia tatu: muwekeze upya kwenye milingoti, au mbakize chaneli chache tu za msingi hewani, au mhamie intaneti moja kwa moja na milingoti muizime kabisa. Mwaka huo huo BBC, ITV, Channel 4 na Channel 5 kwa pamoja wakazindua Freely, ambayo ni chaneli zile zile ila zinapita kwenye intaneti. Mtu akishajenga nyumba mpya jirani na ya zamani, akaanza kuhamisha na masufuria, huhitaji kuambiwa anataka kufanya nini.

Na mimi siyo mjinga, hesabu yao naielewa. Mlingoti unakula umeme ule ule na mafundi wale wale uwe unaangaliwa na watu milioni ishirini au watu elfu mbili, kwahiyo kadri vijana wanavyohamia kwenye simu ndivyo kila mtazamaji wa antena anavyozidi kuwa ghali. Wanangu wenyewe sijui kama wanajua tuna antena. Sawa. Ila gharama haifi kwa kuihamisha, inabadilisha mfuko tu, na mfuko inakohamia ni wa Bibi.

Angalia. Leo anayetumia antena analipa leseni ya TV, ambayo Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, basi, kamaliza. (Zamani aliyefika miaka 75 alikuwa halipi, tokea Agosti 2020 hao hao wanalipa labda wawe kwenye ule msaada wa wastaafu wenye kipato kidogo, hilo nalo lina kidonda chake ila tuliache.) Mkizima antena Bibi atalipa leseni ile ile halafu juu yake alipe intaneti kila mwezi, hata akipata ya pauni ishirini na tano ni mia tatu kwa mwaka, yaani intaneti ya kumfikisha kwenye TV inazidi bei ya TV yenyewe. Ni kama umelipa kiingilio cha kibanda umiza, unakaa, unaambiwa sasa lipia na benchi. Nazijua zile intaneti za bei nafuu kwa watu walio kwenye misaada, zipo, lakini zinaombwa wapi? Kwenye intaneti!

Na hapo nimeongelea hela tu. Kuna mzee mwingine kwenye mzunguko wangu, huyo familia yake walimletea smati TV wakati wa Krismasi, kubwa kama mlango. Januari nzima nilikuwa fundi TV mimi. Leo imejizima inataka kujisasisha, kesho inataka paswodi, keshokutwa inauliza imeili, kakosea kitufe kajikuta kwenye duka la programu, kuna siku nimemkuta anaangalia katuni za watoto kwa Kihispania, nikamuuliza babu vipi, akasema ameshindwa kutoka toka asubuhi. Anakaa hapo na mikono yake inayotetemeka anangoja mimi nije saa saba. Na intaneti ikilegea ndo kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, anadhani TV imekufa anaichomoa ukutani. Siku ya mpira ndo kichekesho, jirani mwenye antena anashangilia goli sisi huku bado mpira uko katikati ya uwanja.

Halafu kwenye antena moja ni BBC, siku zote, nyumba zote. Kwenye smati TV kitufe cha kwanza ni cha aliyetengeneza TV au aliyemlipa. Bunge lenu lililiona hilo, ndo maana sheria ya vyombo vya habari ya 2024 ikasema hizo TV za kisasa lazima programu za BBC na ITV na wenzao ziwekwe mahali pa kuonekana kirahisi, nawapongeza kabisa, ila "pa kuonekana kirahisi" kwa kijana wa ofisini na kwa mtu mwenye mtoto wa jicho siyo pamoja. Ile namba moja ndo ilikuwa kirahisi.

Mimi haya ya kuzima TV nimeyaona mara mbili Mheshimiwa. Mara ya kwanza Dar es Salaam, usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, analojia inazimwa. Tulikuwa Temeke, TV yetu ilikuwa ya chogo, antena tumeifunga kwenye mti wa mwembe, mdogo wangu ndo alikuwa wa kupanda kuigeuza, mmoja dirishani anapiga kelele "hapo hapo! acha! umepitiliza!" Tulikuwa tumezoea chenga. Asubuhi ya mwaka mpya chenga tupu, hata ile sauti ya kukwaruza ilikuwa kama inatucheka. Mwenye king'amuzi akawa tajiri wa mtaa, sisi tusio nacho tukahamia sebuleni kwake, na TV ya chogo mama aliitandikia kitambaa akaweka maua ya plastiki juu, ikakaa hivyo mpaka tulipopata hela. Watoto hatukuona tatizo kivile. Bibi yetu mzaa baba, ambaye hakuwa anatoka ndani, yeye ndo aliyeachwa na ukuta.

Mara ya pili ni hapa hapa kwenu. Agosti 2021 mlingoti wa Bilsdale ulishika moto, ule mrefu wa zaidi ya mita 300 kule kwenye nyika za North York, na sisi wa Teesside yote, yaani Middlesbrough na majirani zake, tukabaki hatuna kitu, maelfu kwa maelfu ya nyumba. Wakaja kuweka vimilingoti vya muda hapa na pale, wengine wakapata picha mapema, wengine wiki zikapita mwezi ukapita, na mlingoti mpya wa kudumu haukuwaka mpaka 2023. Basi zile wiki za mwanzo ndo mngekuja mjionee. Wenye intaneti walihamia kwenye simu zao maisha yakaendelea. Wazee wangu walikaa wanaangalia kioo cheusi. Mmoja alianza kunipigia simu kwenye namba yangu, kitu ambacho hakiruhusiwi, anauliza kama leo ni Jumanne au Jumatano, kwa sababu siku alikuwa anazijua kwa vipindi. Mwingine aliacha kula cha jioni, alikuwa anakula na habari, habari hazipo njaa nayo haipo. Nikasema loo, kumbe hii TV ni saa ya ukutani, ni kalenda, ni mtu mwingine ndani ya nyumba.

Ila niwe mkweli, nyie mlishawahi kuzima TV kwa adabu. Wakati mnatoka analojia kwenda dijitali mlianza na mji mdogo, Whitehaven, 2007, mkaenda mkoa kwa mkoa mpaka Oktoba 2012 mkamalizia Ireland ya Kaskazini. Miaka mitano! Na mkatenga pauni milioni 603 kutoka kwenye hela ya leseni, kwa ajili ya wenye miaka 75 na kuendelea, walemavu, wasioona, walio kwenye nyumba za wazee, fundi anakuja mpaka sebuleni anafunga king'amuzi anamfundisha mtu rimoti. Wakati sisi Temeke tunatandika vitambaa, bibi wa Kiingereza aliletewa fundi. Nilipokuja kulijua hilo niliumia kidogo, sikatai. Lakini ndo maana nashangaa, mnajua kabisa inavyofanywa. Tofauti moja tu: safari ile ukishafungiwa kisanduku umemaliza, hakuna bili ya mwezi. Safari hii bili haiishi mpaka mtu azikwe.

Na mnajua pia inavyoharibika, maana simu za mezani mnazihamishia kwenye intaneti sasa hivi. Kile kidude cha shingoni anachobonyeza mzee akianguka kilikuwa kinategemea laini ile ya zamani, watu wakahamishwa, vidude vikagoma kuita, Desemba 2023 serikali ikabidi iyaambie makampuni yaache kuhamisha watu kwa nguvu, na tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka 2025 kwenda Januari 2027. Mimi nilikuwa najaribisha vidude hivyo kimoja kimoja kila nikiingia nyumba, nabonyeza nasikiliza, kuna kimoja hakikujibu. Mwenyewe alikuwa anakivaa na kuoga nacho.

Kwahiyo maombi yangu.

Tajeni mnachokusudia mapema, na hilo neno "angalau" mliondoe. Kama ni 2034 semeni, kama ni 2040 semeni, maana hata sasa wazee wanauziwa TV wasizozihitaji kwa kutishwa tu.

Mkizima, mwenye leseni asilipie tena njia ya kumfikisha kwenye chaneli alizokwisha kulipia. Mtafute namna ya laini ndogo ya TV peke yake, ya bure, BBC ITV Channel 4 Channel 5, na kwa Wales S4C, chaneli yao ya Kiwelisi, basi. Hela msiniambie hamna. Masafa mliyopata kwa kuzima analojia mliyauzia makampuni ya simu 2013, pamoja na masafa mengine, kwa jumla ya pauni bilioni 2.34, na hewa ya Freeview mkiiachia makampuni ya simu yatakuja kuinunua hiyo hiyo. Hiyo ni hewa ya Bibi. Itoke kwanza laini yake na rimoti yake, kinachobaki mpeleke Hazina.

Na rimoti iwe na namba. Serikali iliyoweza kuandika kwenye sheria programu ikae wapi haishindwi kuandika kwamba kila TV inayouzwa nchi hii, ukibonyeza moja ije BBC, bila kuuliza paswodi wala kukubali masharti ya kurasa arobaini.

Mkataba wa kifalme unaoiongoza BBC unaisha tarehe 31 Desemba 2027 na haya yote mnayazungumza huko ndani wakati huu, sijui meza hiyo imekaliwa na nani, ila najua wanaoosha wazee hawapo. Nakukaribisha siku moja tuzunguke wote, Alhamisi nina nyumba tisa. Vaa viatu vya kuvulika haraka. Kwa Bibi tutafika saa kumi na mbili kasoro jioni, utamkuta rimoti ameishika tayari, kidole kipo kwenye moja, anasubiri. Umweleze wewe mwenyewe kwa Kiingereza chenu hiyo habari ya kuhamia intaneti, mimi nitakuwa jikoni napasha supu.

Ni mimi,
Mlezi wa wazee, Middlesbrough, zamani wa Temeke