TV za rangi za zamani zisiishie kwenye vyuma chakavu

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo linaniuma na simuoni mtu wa kulisemea. Zile TV za rangi za zamani, za kabati la mbao na mgongo mkubwa nyuma, zinamalizika Unguja na Pemba na zinamalizwa kwa nyundo. Mzee akishafariki watoto wanasafisha nyumba, anapita kijana na mkokoteni anauliza kama kuna vyuma, TV inatoka kwa pesa ya kula siku moja, ikifika huko tyubu, ile chupa kubwa ya kioo inayotoa picha, inavunjwa shingo ili itolewe ile koili ya shaba na basi. Kioo kinatupwa jaani. Na kioo kile cha nyuma kina madini ya risasi, tena ule unga wa ndani kwenye tyubu za mwanzo una kadmiamu, zote mbili sumu, na watoto wanapita hapo hapo peku.

Sie khasa ndo wa kuzitunza. Televisheni Zanzibar ilianza 1973 na ilianza na rangi moja kwa moja, wakati Uingereza wenyewe rangi wameipata 1967, Afrika Kusini TV yao imeanza 1976 na ndugu zetu wa bara wamekaa bila TV mpaka 1994. Sasa mtoto wa skuli leo ukimwambia hivyo anakuona muongo, na hatuna hata TV moja ya zama zile inayowaka ya kumuonesha.

Mie kazi yangu ni nyengine kabisa, hizi natengeneza kwa mapenzi tu usiku baada ya isha, na nataka niwaambie wasomaji kuwa zinatengenezeka. Nyingi za miaka ile ni nusu valvu, zile chupa ndogo za kioo zenye uzi wa moto ndani zilizofanya kazi kabla ya transista, na nusu transista. Valvu zake nyuzi za moto zimeungwa mstari mmoja kama taa za harusi, moja ikikatika zote zinazima, kwahiyo mtu anasema TV imekufa kumbe valvu moja tu. Ile kubwa ya PL509 bado inapatikana Ulaya kwa wanaouza akiba za zamani, ila muangalie msije mkaletewa EL509, zinafanana ila yetu inataka volti 40 kwenye uzi na ile 6.3, haikai. Kapasita za karatasi, vile vidude vya kuhifadhi umeme, zote toa weka mpya, hazina dawa.

Adui yetu mkubwa hapa ni hewa ya bahari. Kwenye tyubu ya rangi kunakwenda umeme wa volti 25,000 hivi, sasa vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu wa masika, flaibeki, ile koili inayotengeneza umeme huo mkubwa, inaanza kutoa cheche na harufu halafu inaungua, na flaibeki ndo kitu kigumu kuliko vyote kukipata. Mie naweka balbu ndogo ndani ya kabati usiku kucha ikauke taratibu, halafu mara ya kwanza umeme naupitisha kwenye balbu kubwa, kama kuna shoti iwake balbu TV isalimike.

Ikishawaka ndo raha inaanza wallahi. Kuna mishale mitatu ya umeme, nyekundu kijani na buluu, inapita kwenye bati lenye matundu laki kadhaa, na kila mmoja unatakiwa upige kidoto chake tu, unakaa na bisibisi mpaka mistari mitatu inakuwa mmoja mweupe. Na kwenye mfumo wetu wa kurushia rangi uitwao PAL, aliobuni Mjerumani Walter Bruch wa Telefunken, ndani mna kipande cha kioo kinachoichelewesha rangi ya mstari mmoja kwa maikrosekunde 64 ili ikutane na mstari unaofuata na makosa ya rangi yafutane. Kioo tu hicho! Watu walifikiri hivyo bila kompyuta, halafu sie tunakwenda kuvunja tupate shaba.

Wengine wanasema hata ikiwaka utaangalia nini na analojia, ile mitambo ya zamani ya kurushia matangazo, imezimwa. Chukua king'amuzi kiingize kwenye deki ya zamani ya kanda, deki iingize kwenye tundu la antena ya TV, picha inakuja. Nimeangalia mpira hivyo na jirani zangu wamekaa mpaka mwisho.

Ninaloomba ni wakubwa wa makumbusho yetu watafute japo moja ya Unguja na moja ya Pemba ziwekwe zikiwa zinawaka, na Chuo cha Karume cha sayansi na teknolojia pale Mbweni wawaite mafundi wazee waliobaki wakae na vijana, maana ujuzi huu hauko kwenye simu, uko kwenye mikono yao na umri unakwenda.

Na wewe mwenye nayo ndani usiichomeke kwenye umeme kujaribu kama imekaa miaka, na usifungue kifuniko cha nyuma hata kama umeshachomoa waya, tyubu inabaki na umeme ndani na unaweza kukurusha. Ifunike kitambaa, iweke mbali na dirisha, umtafute fundi anaezijua.

Mpenzi wa TV za zamani,
Kikwajuni, Unguja