Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kutundika raketi

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Unasema mwenzako ameacha mpira wa vinyoya, yaani badminton, ili ashughulikie masomo yake, kwamba miaka mitatu mliyocheza pamoja imepotea bure, na kwamba wewe nawe umeamua kutundika raketi. Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu lililonijia lilikuwa refu mno kwa ujumbe wa simu. Naliandika hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa nimekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wenu nikiwangoja mmalize mazoezi, feni zimezimwa na madirisha yamefungwa ili upepo usiyumbishe kinyoya, na nimewaona wasichana wengine wenye swali kama lako.

Unamfahamu Greysia Polii wa Indonesia kwa medali yake ya dhahabu ya Olimpiki. Mimi nataka umfahamu kwa watu aliosimama nao uwanjani.

Alizaliwa Jakarta mwaka 1987, akalelewa Manado, kisha akarudishwa Jakarta akiwa bado mtoto ili afunzwe katika klabu ya Jaya Raya. Huko Indonesia mchezo huu una uzito ambao kwetu unabebwa na kandanda. Susi Susanti alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992, alikuwa anacheza peke yake. Kwa wanawake wanaocheza wawili wawili nchi hiyo haikuwa imewahi kupata dhahabu hiyo, na msichana aliyepangiwa upande huo alijua kwamba amepangiwa mahali pasipotarajiwa makubwa.

Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 Greysia alicheza na Meiliana Jauhari. Mwaka huo waandaaji walileta hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, na balaa likaanzia hapo. Tian Qing na Zhao Yunlei wa China walifungwa na jozi ya Denmark, wakamaliza wa pili katika kundi lao. Basi wenzao wa China, Wang Xiaoli na Yu Yang, waliokuwa wameshafuzu, wakaona ni heri wafungwe na jozi ya Korea Kusini kuliko kuongoza kundi lao na kukutana na Tian na Zhao kabla ya fainali. Na Wakorea hao, ambao nao walikuwa wameshafuzu, hawakutaka kushinda. Wachezaji bora wa dunia wakawa wanapiga vinyoya kwenye wavu kama watoto wanaojifunza kuanzisha. Kisha ikaja zamu ya Greysia na Meiliana dhidi ya jozi nyingine ya Korea, katika mechi ambayo mshindi wake angekabidhiwa Wang na Yu, zawadi ambayo hakuna aliyeitamani. Watazamaji katika ukumbi wa Wembley wakazomea, refa akatoa kadi nyeusi, ile ya kumwondoa mchezaji mashindanoni, halafu akairudisha mfukoni. Kesho yake, tarehe 1 Agosti, jozi zote 4 zikaondolewa mashindanoni. Greysia alibakiza siku 10 kutimiza miaka 25.

Siwatetei, kwa sababu mtu aliyelipa nauli na kiingilio ana haki ya kuona mchezo. Hata hivyo, nimeshangazwa siku zote na jinsi aibu ile ilivyowaangukia wasichana 8 na makocha wao, huku waliotunga utaratibu unaomnufaisha anayefungwa wakibaki bila kuulizwa sana. Kufikia michezo ya Rio kanuni ilikuwa imebadilishwa: jozi zinazomaliza za pili zikawa zinapangiwa wapinzani kwa kura, baada ya mechi zote za makundi kwisha, ili asiwepo wa kupiga hesabu mapema.

Baada ya London alirudiana na Nitya Krishinda Maheswari, na hapo ndipo mchezo wake ulipokomaa. Walitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mjini Incheon mwaka 2014. Mwaka 2016 walifika robo fainali huko Rio, wakatolewa na jozi ya China iliyokuwa na Yu Yang yule yule wa London. Mwaka haukwisha kabla Nitya hajafanyiwa upasuaji wa goti, na Greysia, mwenye umri wa miaka 29, akabaki bila mwenzake.

Wewe unajua maana yake kuliko mimi. Uwanja una upana wa mita 6.1, na katika upana huo watu wawili hawapati nafasi ya kuambizana jambo: mmoja akishindilia kutoka nyuma, mwingine awe ameshasogea wavuni; kinyoya kikiinuliwa kwenda upande wa wapinzani, wote wawili wajipange ubavu kwa ubavu kabla hakijashuka. Kwa wanawake mikwaju ya kushindilia haimalizi pointi upesi, na mapigano ya pointi moja huwa marefu, kwa hiyo anayeshinda mara nyingi ni yule anayejua bila kugeuka kwamba mwenzake yuko wapi. Ujuzi huo hauhamishwi. Anapokuja mtu mpya, unaanza upya.

Greysia aliwaza kustaafu. Kocha wake, Eng Hian, ambaye mwenyewe alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2004 akicheza wawili wawili kwa wanaume, alimwomba asubiri kidogo, awashike mkono chipukizi. Mwaka 2017 akapangwa pamoja na Apriyani Rahayu, msichana wa Konawe aliyezaliwa mwaka 1998. Aliyewahi kumfunza kazi mtu mdogo kwake kwa miaka karibu 11 anajua kwamba kwa siku nyingi unafanya kazi mbili, yako na yake. Mwaka huo huo wakashinda mashindano ya wazi ya Thailand na ya Ufaransa.

Walipofika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 hawakuwa miongoni mwa jozi zilizopewa nafasi za upendeleo kwenye ratiba. Wakawafunga Fukushima na Hirota wa Japani katika kundi, wakapenya hadi fainali, na tarehe 2 Agosti wakawashinda Chen Qingchen na Jia Yifan wa China 21–19, 21–15. Kwetu ilikuwa asubuhi, na chai yangu ilipoa mezani.

Kuna kipande kimoja cha fainali ile ambacho nakuomba ukitafute. Kinyoya kiko hewani, mapigano yanaendelea, na nyuzi za raketi ya Greysia zimekatika. Anatoka mbio hadi kwenye mfuko wake pembeni ya uwanja, anachomoa raketi nyingine, anarudi. Kwa muda huo mfupi Apriyani anaubeba uwanja peke yake, yeye aliyekuwa akibebwa miaka minne iliyopita. Mara ya kwanza nilitazama mikono ya Greysia kwenye mfuko. Sasa namtazama huyo mwingine.

Tarehe 12 Juni 2022, katika ukumbi wa Istora Senayan, Greysia aliwaaga mashabiki. Apriyani alipangwa pamoja na Siti Fadia Silva Ramadhanti, mdogo kwake, wakashinda mashindano ya wazi ya Malaysia mwaka huo huo; katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hawakuvuka hatua ya makundi. Safari hii aliyepaswa kumwongoza mdogo alikuwa Apriyani.

Miaka yako mitatu unayoiita bure ndiyo iliyokufunza kuangalia wavuni bila kumtafuta mwenzako kwa macho. Kocha wenu ameniambia kuna binti wa kidato cha pili anayefanya mazoezi kila Jumamosi bila mwenza, mwenye mkono wa kushoto na haraka nyingi. Raketi uliyoiacha nyuma ya mlango wangu nimeipeleka kwa fundi aifunge nyuzi mpya. Itakuwa tayari Ijumaa, nami nitakuwa nyumbani kuanzia saa kumi.

Ni mimi shangazi yako