Malalamiko juu ya ile polisaje mulifanya kwenye gari yangu nyeusi

Kwa Bwana Mkurugenzi na direksyo yote,
Hapa Goma

Bwana Mkurugenzi, salamu kwanza, juu nililelewa kusalimia hata mtu mwenye amenikosea. Niko naandika juu ya Harrier nyeusi yenye iliingia kwenu kufanyiwa polisaje, ile kazi ya kusugua na mashine ili gari ing'ae, siku ya tatu (jumatano) ya juma iliyopita na ikatoka siku ya tano (ijumaa) mangaribi. Resu iko kwenu, kopi iko kwangu, dola 150 nililipa zote mbele hata ndoo ijazwe maji. Kile munaahidi ma kliya munakijua wenyewe, kimeandikwa kwenye ukuta wa ofisi yenu kwa herufi kubwa, pointi ya ine ni ile ya kurudia kazi bure kama kliya hakuridhika. Sitarudilia.

Niende moja kwa moja kwa kile kimenifanya nishike simu usiku huu niandike. Siku ya kwanza (jumatatu), saa tano ya asubui, nilirudisha gari ili mtu aone. Msimamizi wenu, kijana mwenye anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alitoka na kikombe cha chai mkononi, nikamwonyesha kapo, kile kifuniko ya motere, nikamwambia angalia na jua hii. Hakuinama hata kidogo. Akavuta torsho, kitambaa ya kupanguza, kwenye bega ya yule mtoto mwenye alikuwa anapanguza marinki, torsho kavu, imejaa mafuta na mchanga, akaanza kusugua kapo yangu, mviringo, mviringo, na vumbi ya barabara yote juu yake, bila tone ya maji. Kisha akasema kwa sauti, watu wote wasikie: “Muzee, hii ni gari ao ni kioo ya kunyolea ndevu?” Wakacheka. Kliya walikuwa karibu kumi pale, na wao wakacheka.

Sasa Bwana Mkurugenzi, wewe uko mtu wa hii kazi, unajua kile alifanya. Vumbi ya Goma siyo vumbi ya udongo kama ya kwingine. Ni mawe ya volkano yenye mapikipiki na makamio yanasaga kila siku, pahali pengine ya mji tunatembea juu ya lava ya 2002 na tumeshapiga nyumba juu yake, na ile lava ndani yake iko na kioo. Kioo kabisa. Ukisugua kavu juu ya verni, ile ngozi ya kung'aa yenye inafunika rangi, ni kama unasugua na papiye ya vere, msasa ule. Njo maana kila mtu mwenye kuosha gari vizuri hapa anaanza na maji mingi ya kutelemusha vumbi peke yake, bila kugusa, kisha shampwa, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa. Kwenu nimeona bidoni moja ya litri 20 ikiosha gari mbili. Maji ni shida, najua, na mimi nanunua bidoni kama watu wote. Lakini kwa dola 150 mungeniambia nilete maji yangu, ningeleta.

Sikuja kwenu kuomba miujiza. Mtoto wenu wa mapokezi aliandika vizuri sana kile nilisema, mutafute ile karatasi. Nilimwambia gari iko na mikwaruzo midogo midogo ya mviringo, ile yenye inaonekana tu jua ikipiga, kama utando wa buibui unazunguka kila pahali mwangaza unaanguka, hiyo njo nataka itoke. Na kwenye mlango wa shofere kuna mmoja mrefu wa usukani wa pikipiki, pale Birere, huo nikasema muuache, juu ukipitisha ukucha unakwama, na wenye ukucha unakwama hauishe kwa polisaje, unapunguzwa makali tu, ukilazimisha unamaliza verni. Mimi mwenyewe nilimwambia! Kliya anafundisha kampuni.

Muliufanya nini ule mkwaruzo? Siku ya tano haikuwa hapo. Nikafurahi, hata nikamwachia kijana faranga za soda. Siku ya yenga (jumapili) nikaosha gari kwangu kwa shampwa, mkwaruzo ukarudi pale pale, umenyooka vile vile na usukani yake. Kumbe mulijaza waksi na kile kipondo cha kufunika, munapaka, kinaingia ndani ya mfereji, kinang'aa chini ya ampule ya mangaribi, kliya analipa anaenda. Hiyo kwetu tunaita bongo, ni uongo, Bwana Mkurugenzi. Fundi wa kweli akimaliza anapanguza na alkoli iliyochanganywa na maji ili mafuta yote itoke, ndipo anaangalia kwa toshi kama mikwaruzo imetoka ao imejificha tu.

Na siku ya ine nilipita kwenu kuangalia, mulinikuta nimesimama pale, musiseme hamukuniona. Mashine ilikuwa ile ya kuzunguka pahali pamoja tu, siyo ile ya kuzunguka ikiyumba, na kijana ameikalisha kwenye ule mgongo wa kapo karibu na taa ya kushoto, ameisukuma na kifua. Eponji imekuwa nyeusi ti. Nikauliza, akaniambia ni uchafu, muzee. Uchafu gani wa gari yenye imetoka kuoshwa? Nyeusi yangu ni ile yenye chembe chembe za kumetameta, iko na verni juu yake. Ingekuwa ile nyeusi kavu ya Toyota za zamani, ile bila verni, ningenyamaza, hiyo inatoka rangi hata ukiipaka waksi na kitambaa. Lakini gari yenye verni eponji ikitoka na rangi ya gari, basi verni imeisha pale, muko munakula rangi yenyewe. Verni ya gari ya fabrika ni mikroni 40, 50 hivi, hata unywele wa mtu kwa kawaida unazidi hapo, na kwenye makona na migongo inakuwa nyembamba zaidi, njo maana watu wanabandika skoch ya karatasi kwenye makona mbele ya kuwasha mashine. Hamukubandika kitu. Leo pale kuna bato kama kiganja ya mtoto, imekufa, haingai, ukiangalia kwa upande inaonekana kama majivu. Hiyo hakuna polisaje ya kuirudisha, ni kupaka tu. Kapo nzima.

Naomba basi dola 150 zangu zirudi. Njo tu hiyo nilikuwa naomba siku ya kwanza asubui.

Lakini munajua ile gari inafanya kazi gani. Iko gari ya harusi. Siku ya posho (jumamosi) ilikuwa imetengwa kwa harusi ya kule kartye ya Himbi, bibi harusi anatoka kwao saa ine, jua kali, na pale tena jua ya Goma ikiamua kutoka inatoka. Mtu wa video akazunguka gari na kamera yake, akasimama, akaniita pembeni, muzee, hii kapo ina nini? Nikaangalia. Mbele mulikuwa na utando wa buibui, sasa mumeongeza mawimbi, yale mashine mbaya inaacha, yanatembea pamoja na mwangaza kama mafuta juu ya maji, kutoka kioo ya mbele mpaka parshoki. Juu ya nyeupe hakuna mtu angeona. Juu ya nyeusi kila kosa ya fundi iko imeandikwa. Wakafunika kapo na maua na kitambaa ya tüle, heri yangu, mama wa bibi harusi hakusema kitu lakini aliniangalia, na akakata dola 40 kwenye yenye tulipatana. Sikubishana naye. Ningebishana na nini?

Hii gari, Mwezi wa tano 2021, volkano ilipotoka na kisha wakatuambia tuhame, ilienda Sake na watu tisa ndani na matela mbili juu, usiku, katikati ya ma kamio na watu wa miguu, na ilirudi Goma na mkwaruzo moja tu. Nyinyi mumeifanya hivi siku tatu, ndani ya lupango, kiwanja yenu, gari imesimama.

Narudi siku ya kwanza, munisamehe, juu haiishe kichwani. Pale mbele sikuandika yote. Nilikuwa na mtoto wangu ndani ya gari, wa miaka 11, amekaa mbele, kioo kimefunguliwa. Msimamizi wenu alimwona. Alivuta ile torsho, na mbele ya kusugua aliikunguta mara moja, mchanga ukaanguka kwenye kapo, TUKAONA unaanguka, kisha akaweka mkono wake wote na akasukuma. Sauti yake mtoto aliisikia ndani ya gari. Mviringo, mviringo, pale pale kwenye ile bato, kama mtu anafuta meza ya kantini. “Muzee, hii ni gari ao ni kioo ya kunyolea ndevu?” Na wakicheka vile akaongeza ingine, ile siwezi kusahau: “Hukuwa na makuta ya kununua nyeupe?” Akanirudishia ufunguo, hakunipa mkononi, aliuweka juu ya kapo na ukateleza ukaacha alama yake na huo. Na mimi nikasema asante. Niko na miaka 52, nilisema asante, mpaka leo sijui ilitoka wapi. Tulipofika Katindo mtoto akaniuliza, papa, juu ya nini ulimwachilia? Nikamwambia nyamaza.

Basi ile dola 150 haitoshi tena. Nimefikiri na sasa ni hivi. Murudishe 150. Mulipe kapo ipakwe kwa fundi mwenye nitamchagua mimi, siyo mwenye munajua nyinyi, rangi na verni na kuipatanisha na milango ili isionekane gari mbili zimeunganishwa, nimeuliza mafundi wawili na bei zao niko nazo, nitaleta kwa karatasi. Mulipe ile dola 40 ya Himbi, na siku za posho mbili zenye zinakuja juu nimezikatalia, siwezi peleka bibi harusi na gari ya ukoma. Na yule msimamizi atanisalimia na kuomba musamaha pale pale kwenye lupango, saa tano ya asubui kukiwa na watu, na mtoto wangu atakuwepo amesimama karibu yangu. Hii ya mwisho haina bei, na bila hiyo hizo zingine zote musihangaike kuleta.

Mukitaka kusema alama zilikuwepo mbele gari iingie, niko na mapicha ya siku ya pili mangaribi, nilipiga kila mlango na toshi ya simu, tarehe iko juu yake. Na mukitaka kusema ni mimi niliharibu nikiosha siku ya yenga, muniambie mimi niliosha na mashine gani hata nikala verni ya kona.

Nawapa siku saba. Kisha gari itapaki mbele ya mlango wenu kila siku ya posho kuanzia saa mbili, barabara ni ya watu wote, kapo ikiangalia jua, na karatasi kwenye kioo yenye bei nililipa. Sitatukana mtu. Watu watakuja kuangalia wenyewe. Na kundi yetu ya WhatsApp ya wenye magari ya harusi mapicha wameshaomba, bado sijatuma juu nilisema niongee na wakubwa kwanza.

Kwa heshima,
Mwenye Harrier nyeusi, simu yangu iko kwenye resu

Nyongeza: Nimeandika hii barua usiku, asubui nikapita kwenu kuiacha, msimamizi wenu akaipokea, akaangalia bahasha, akaniuliza kama ni mwaliko wa harusi. Ile siku saba muikate. Ni siku tatu. Na mapicha nimeshatuma.