Taarifa ya mwenyekiti: mwaka ambao akili mnemba imeingia kwenye manunuzi yetu

Wanachama wenzangu, wanunuzi wa mahoteli, malodji na kampuni za utalii hapa Arusha, poleni na kazi za msimu. Mambo ya ada na mahesabu mhazini atawasomea mwenyewe. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo moja tu ambalo limebadilisha kazi yetu mwaka huu kuliko jingine lolote, hizi programu za akili mnemba, ChatGPT, Gemini na nyingine za aina hiyo.

Mafunzo tulifanya kipindi cha masika wageni wakiwa wachache na kwa kweli nilifurahi sana. Watu waliokuwa wanakesha na barua moja ya kuomba bei ya mashuka au spea za Land Cruiser sasa wanaimaliza haraka, Kiswahili na Kiingereza, na profoma za masapulaya, yaani ankara zao za bei kabla ya kuuza, zinapangwa kwenye jedwali moja bila mtu kuumia macho. Hilo tusiliache.

Ila jamani jedwali zuri sio lazima liwe la kweli. Chukueni viazi, sapulaya wa kwanza kaandika gunia na wa pili kaandika gunia, programu inakwambia wa pili ndo nafuu, haijui kwamba la kwanza ni lumbesa lenye kilo kibao za ziada na ukigawa kwa kilo huyo wa pili ndo ghali, afu lumbesa yenyewe imekatazwa kisheria. Anayeshinda kutwa soko la Kilombero hapa mjini anauliza kilo kwanza. VAT ni vilevile, mmoja kaweka ile asilimia 18 ndani ya bei na mwingine kaiacha nje, na kuna bei ya kuchukulia mzigo Dar na bei ya kufikisha mpaka getini Serengeti, hizo huwezi kuziweka mstari mmoja.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba masapulaya nao wanazitumia. Zamani kampuni ya mfukoni ulikuwa unaishtukia kwenye barua tu, sasa inakuletea ombi la tenda limenyooka, lina sera ya ubora, lina mpango wa usafirishaji, na stoo hawana! Wakati huohuo mama wa Tengeru ambaye mboga zake hazijawahi kukosa jikoni kwako anatuma bei kwa voisi ya WhatsApp, na kwenye jedwali anaonekana wa mwisho au haonekani kabisa. Tukianza kupima watu kwa karatasi tutawapoteza hawa wanaotulisha, na mimi sitakubali chama chetu kiende huko. Nendeni stoo mkaone mzigo, angalieni TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wapigieni waliowahi kuuziwa.

Kuhusu siri, msibandike profoma ya mtu kwenye programu ya bure. Samsung mwaka 2023 waliwapiga marufuku wafanyakazi wao kutumia zana hizi baada ya msimbo wa siri (source code) wa programu zao kuwekwa ChatGPT, na hao ni watu wa teknolojia. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo namba ya NIDA ya dereva au ya mkulima sio ya kuipeleka popote unapojisikia.

Kamati inapendekeza tuwe na fomu moja ya kwotesheni, inayotaja kilo, VAT ndani au nje, na mahali pa kufikishia mzigo, na kwa anayetuma voisi mnunuzi amjazie kisha amsomee. Pia kila LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, iandikwe jina la aliyehakiki bei kwa macho yake. Rasimu ipo kwa katibu, mwenye kipengele cha kuongeza ampelekee kabla ya kikao ili tuipigie kura siku hiyohiyo.