Silensa ya asubuhi iko juu: kabla hujaja kutugombeza

Kila ukifika mwezi wa sita hapa gereji yetu Uyole, Mbeya, simu zinaanza saa moja kasoro asubuhi. "Fundi, gari mliyonifanyia sevisi juzi inanguruma, silensa imepanda mpaka elfu moja na mia tano." Silensa ni mizunguko ya injini kwa dakika gari ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta. Wiki iliyopita mteja mmoja hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na mke wake, akasema mbele ya wateja wengine kwamba tumemharibia Toyota Spacio yake makusudi ili arudi kutuachia hela. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Injini ikiwashwa na baridi, kompyuta inasoma sensa ya joto la maji na kuipandisha silensa yenyewe. 1,200 au 1,500 kwa asubuhi ya Mbeya ni kawaida. Oili imelala kwenye sampo, bakuli lake la chini ya injini, usiku kucha, imekuwa nzito, na lazima isukumwe mpaka juu kwenye kamshafti, vyuma vinavyofungua vavu. Petroli nayo haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi, kwa hiyo inamwagwa nyingi. Maji yakishapata moto, mshale unateremka hadi 700 na kitu, gari inatulia. Usimpe mtu bisibisi aishushe. Waliowahi kufanya hivyo tunawajua: gari inazima kila wakiwasha AC.

Ugonjwa ni silensa isiyoshuka, na ya huyu bwana haikushuka. Robo saa nzima iligoma kwenye 1,100, mshale wa joto haujanyanyuka. Nikamuuliza nani aligusa mfumo wa maji. Kimya. Mke wake ndiye aliyesema: "Si yule kijana wa Kyela, gari ilipochemka?"

Nilijua. Gari ikichemka kule bondeni, themostati, kile kilango cha maji ya injini, inatolewa na kutupwa, unaambiwa "hii ni ya nchi za baridi bosi, huku haina kazi." Kweli haichemki tena, ingawa rejeta iliyoziba imebaki vilevile. Kisha unapanda nayo Tukuyu, unaileta kulala Uyole kwenye baridi hii! Themostati inayafungia maji njia ya kwenda kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na ushee. Ikitoka, maji yanapoozwa tangu unapowasha. Injini haipati moto, kompyuta inaamini ndiyo kwanza kumekucha, inaendelea kumwaga petroli. Ile isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuingia kwenye sampo.

Nikachomoa stiki ya kupimia oili mbele yake. Sisi tulijaza lita 3.7, sasa oili ilikuwa imepita alama ya juu. Nikamwambia anuse. Petroli tupu. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mweupe kama mtindi. Wapo watakaokwambia gasketi ya silinda hedi imekufa, maji yanaingia kwenye oili, na kukufungulia injini siku hiyo hiyo. Kwake ulikuwa unyevu tu uliokosa moto wa kuukausha. Maji ya rejeta hayakuwa yamepungua hata kidogo.

Mwenye Toyota Noah mmoja alitembea hivyo, bila themostati, karibu miaka miwili. Ringi za pistoni zikalika, ikaanza kula oili, lita moja kila wiki mbili. Badala ya kuileta akashauriwa aweke oili ya SAE 50, "nzito, itaziba". Oili ya namna hiyo, asubuhi ya nyuzi 6, inapanda kama uji. Tulipofungua, kamshafti zilikuwa na michirizi unayoihisi kwa ukucha. Ovaholi ilimtoka milioni na laki nne. Themostati tungemfungia kwa 45,000, kulanti (maji maalumu ya rejeta) ndani yake.

Si kila gari inayokula oili imeanzia hapo. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakatika, mara nyingi ni vavu sili, vimpira vinavyozuia oili kupita kwenye vavu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi. Baadhi ya watengenezaji wanaandika kwamba hata lita 1 kwa kilomita 1,000 si kasoro. Mimi gari yangu ikifika hapo silali.

Kuhusu 25,000 tunayotoza kupima gari kwa mashine, ambayo mnasema ni ya "kuchomeka waya tu": waya unasoma namba, bado anahitajika wa kuzielewa. Kosa letu ni moja, nalikubali. Tukisafisha throto, mlango wa hewa wa injini, silensa inaweza kuyumba mpaka kompyuta ijifunze upya, na vijana wangu wakati mwingine wanasahau kuwaambia.

Ukitaka tukupimie, lete gari jioni, ilale hapa, ulinzi hatutozi. Ukija asubuhi umeshaiendesha kutoka Mwanjelwa, injini imeshapata moto na tutakachosikia sisi si ulichosikia wewe saa kumi na mbili. Bwana wa Spacio aliondoka amenuna, akasema atafikiria. Themostati yake nimeshanunua, iko kwenye droo. Tunafungua saa mbili.