Ati nimeolewa, kitabu cha babu hakinihusu!

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, usingizi umekataa na alfajiri natakiwa niwe Mwaloni kupokea dagaa. Baba mdogo kanitamkia mbele za watu, "Wewe umeolewa, vya huku havikuhusu." Mimi! Niliyemuuguza babu mpaka mwisho, nikamwosha vidonda vya mguu, wakati yeye anakuja Krismasi, anakula pilau, anaondoka.

Ugomvi ni kitabu. Babu alikuwa askari wa Keya (KAR), lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya 36 ya Watanganyika, wale waliopelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na Mjapani, wakapita bonde la Kabaw na mvua zile. Kitabu chake cha jeshi alinipa mimi, kwa mkono wake. Jalada limelainika kama kitambaa. Ndani kuna mihuri ya zambarau ya chanjo, na pale pa saini kuna dole gumba lake, kubwa, wino umetambaa pembeni.

Nishani, pamoja na ile Nyota ya Burma, anazo baba mdogo. Sasa kapata mnunuzi Uingereza, mtu wa kukusanya vitu vya vita. Huyo kamwambia nishani zile hazikuchongwa majina, kwa hiyo bila kitabu hazijulikani za nani, ni vyuma tu. Vikiwa pamoja ndipo bei inapanda. Ndipo nikakumbukwa! Miaka yote sikuwa mtu, leo napigiwa simu "mwanangu, mwanangu". Nilipokataa, likatoka lile neno la kuolewa.

Mimi sina tamaa, Anti. Sitaki hela ya mtu. Lakini mbona kwangu ametaja laki mbili, na binamu aliyeona meseji anasema ni zaidi ya hapo? Mume wangu anasema nikipeleke makumbusho ya Bujora, yaishe. Yaishe vipi, na nishani abaki nazo nani? Tena huyo mume ndiye sababu ya kuambiwa nimeolewa, hata yeye nimemnunia bure.

Jumamosi kuna kikao cha ukoo Magu, nimeagizwa nije na kitabu. Niende nacho, au nikiache kwa jirani niende mikono mitupu? Nisipokwenda watasema nina dharau. Nikienda nacho hakirudi, namjua baba mdogo. Baba angekuwa hai nisingesemeshwa hivi. Ati vya huku havinihusu. Babu alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani, nilikuwa sijaolewa?

Usinishauri mambo ya polisi, sitaki kumwaibisha, ni baba yangu yule. Na usiniambie nisamehe, hilo mashangazi wameshaniimbia. Nijibu kabla ya Jumamosi. Jina usiweke, huku Kirumba tunajuana. Na kama unamfahamu mnunuzi mwingine, mwaminifu, asiyepitia kwa baba mdogo, nidokeze tu nijue bei. Sisemi nauza.