Dada, mwacheni Mama atembee

Dada,

Shikamoo. Nisalimie shemeji na watoto. Huku Matsumoto, Japani, mimi mzima, masomo yanakwenda, ila baridi ya milimani ndiyo hiyo imeshaanza.

Nimesoma kwenye grupu kwamba mmekubaliana Mama asiende tena sokoni Ngamiani wala asishike ufagio, kwa sababu presha ilipanda na magoti yanamsumbua. Nia yenu naijua, na mnaomuuguza ni ninyi, mimi natuma hela tu. Lakini hilo la kumkalisha kitako mchana kutwa sikubaliani nalo.

Huku Japani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, redio ya NHK inapiga piano, mtu anahesabu, na wazee wa mtaa wanajinyoosha kiwanjani. Mazoezi hayo ya redio yalianza mwaka 1928. Ni dakika kumi tu: mikono juu, kuinama, kuzungusha kiuno, na kurukaruka kwa anayeweza. Wengi huja na nguo zao za nyumbani. Kuna babu mmoja huja na mkongojo. Akifika anautundika kwenye uzio, anashika mgongo wa benchi kwa mkono mmoja, na ule mwingine unafuata hesabu. Wakimaliza wanapiga soga kuliko hata walivyofanya mazoezi. Mimi nadhani nusu ya dawa ni hiyo soga.

Na usidhani watu wa mkoa huu wa Nagano walizaliwa na afya. Zamani kiharusi kiliwamaliza, kwa sababu wakati wa baridi walikula mboga zilizokolezwa chumvi na supu yenye chumvi nyingi. Wakajitolea akina mama wa mitaa yao, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kupima chumvi kwenye supu ya kila jiko. Hebu fikiria mtu anakuja kupima mchuzi wako! Lakini ilisaidia. Kufikia takwimu za 2010, wanaume na wanawake wa Nagano ndio walioongoza Japani nzima kwa kuishi miaka mingi.

Sasa turudi kwa Mama. Misuli ya mzee isipotumika inakwisha upesi, na miguu ikilegea ndipo mtu anaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, na waliotimiza miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi. Kwenda sokoni na kurudi ni sehemu ya hizo dakika. Mzigo abebe binti, Mama abebe pochi yake. Asubuhi akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, asimame na kukaa mara kadhaa, taratibu, na wewe uwe karibu. Akisikia kizunguzungu au kifua kumbana, aache, apelekwe kwa daktari.

Chumvi ndiyo vita yenyewe. Kwa siku isizidi gramu 5, haijai hata kijiko cha chai, na hapo hesabu pia vile viungo vya vipaketi na ng'onda anaowapenda. Kile kidau cha chumvi kiondoke mezani. Ndimu na pilipili zipo. Dawa asiache hata presha ikishuka, maana imeshuka kwa sababu anazimeza.

Mashine ya presha nimemtumia kwa kijana anayerudi mwezi huu. Kabla ya kupima akae kimya dakika tano, mkono uegemee meza, na msimsemeshe (najua hapo ndipo pagumu). Andikeni kila kipimo, aende nacho kliniki. Shemeji naye apime, kile kitambi kimekuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Jumapili nitapiga simu. Mpe Mama mwenyewe aseme anatakaje, maana kwenye grupu nimesoma maoni ya kila mtu isipokuwa yake.

Mdogo wako